Mwongozo kamili: kupata kazi ya sheria Tanzania Bara baada ya chuo na Law School

Kila msimu wa mahafali kilio ni kilekile. Mtu ana shahada ya sheria, amemaliza Law School of Tanzania (shule ya mafunzo ya sheria kwa vitendo) au anakaribia kumaliza, ametuma maombi mpaka amechoka, na simu haiiti. Ukimwambia akutumie kile alichowatumia waajiri, tatizo linajitokeza kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza. Cheti cha kidato cha nne kina jina moja, kitambulisho cha Taifa kina jingine. Barua inamsifia mwajiri mwingine kabisa. Wadhamini hawajui kwamba wametajwa. Na hakuna hata karatasi moja inayoonyesha kwamba huyu bwana au dada anaweza kuandika hati ya madai ikasimama.

Vyuo vyetu vingi havina dawati la kumtafutia mhitimu wa sheria kazi. Chuo kitakupa barua ya utambulisho, transkripti, na mwalimu mmoja au wawili watakaokubali kukudhamini. Vichukue vyote ungali pale, maana kuvifuata ukiwa Songea au Bukoba ni nauli na wiki za kusubiri. Yaliyobaki ni yako.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake wa uwakili, ingawa hatua za nyaraka, maandishi na usaili zinafaa kule pia.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Usitume ombi lolote kabla hujavikusanya hivi:

- Namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa cha RITA.
- Vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha shahada na transkripti. Aliyepitia stashahada aongeze cha stashahada.
- Cheti cha Law School, kama umeshakipata.
- Nakala za vyote hivyo zilizothibitishwa na wakili, zikiwa katika PDF zinazosomeka. Kila faili lipe jina linaloeleweka. "Scan0047" halimsaidii mtu.
- Picha ya pasipoti, barua pepe yenye jina lako halisi, na namba ya simu ambayo hutaibadilisha.
- Wadhamini watatu ambao umezungumza nao na wamekubali.
- Sampuli tatu za maandishi yako ya kisheria (tazama hatua ya 4).
- Jedwali la maombi: umeomba wapi, lini, kwa barua ipi, na nini kilijibiwa.

Jedwali hudharauliwa. Lakini siku ukipigiwa simu na mtu anayesema "ulituomba nafasi mwezi wa tatu", utaliona thamani yake.

## Hatua ya 1: Chagua mlango

Kazi za sheria zina milango mitano mikubwa, na kila mmoja una kufuli lake.

Utumishi wa umma wa kawaida (wizara, halmashauri, taasisi na mamlaka za Serikali) hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Nafasi utakazoziona mara nyingi ni Afisa Sheria Daraja la II na Wakili wa Serikali Daraja la II. Matangazo mengi ya nafasi hizi hudai shahada ya sheria pamoja na mafunzo ya Law School.

Mahakama ina chombo chake, Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo hutangaza nafasi zake yenyewe, zikiwemo za Hakimu Mkazi. Anayeufuatilia mfumo wa Sekretarieti peke yake hupitwa na matangazo haya kila mwaka.

Chemba za mawakili hazitangazi sana. Huko mtu huingia kwa kujulikana au kwa kugonga hodi.

Benki, kampuni za simu, bima na madini huajiri wachache, na wengi wao wanamtaka mtu aliyekwisha kuonja kazi mahali pengine.

Mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake huchukua watu wa kujitolea na wa miradi. Mikataba yao hufuata maisha ya mradi, lakini hakuna mahali utakapojifunza mirathi, ndoa na ardhi haraka kama pale.

Chagua milango miwili: mmoja wa kusubiri (Serikali au Mahakama) na mmoja wa kuanza kazi sasa (chemba au shirika). Anayepiga hodi milango mitano kwa pamoja huandika barua moja ya jumla, na barua ya jumla haiajiri mtu.

Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Naomba Afisa Sheria serikalini, na wakati huohuo natafuta chemba ya migogoro ya kazi."

## Hatua ya 2: Sawazisha majina

Panga vyeti vyako vyote mezani, toka cha kuzaliwa hadi cha Law School. Soma jina herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohammed" ni tofauti. Jina la babu lililoachwa kwenye shahada ni tofauti. Jina la ndoa lililoingia kwenye NIDA na halipo kwenye vyeti ni tofauti.

Kama yanatofautiana, andaa hati ya kisheria ya jina (deed poll) na uisajili kwa Msajili wa Hati, kisha uiambatishe kwenye kila ombi. Wengi hukimbilia kiapo cha mahakamani kwa kuwa ni rahisi. Tatizo ni kwamba matangazo ya ajira za umma hutaja hati iliyosajiliwa, na kiapo hakichukui nafasi yake.

Onyo: usingoje kuitwa kwenye usaili ndipo ushughulikie jambo hili. Kuna waliofika mlangoni, majina yakaangaliwa, wakarudishwa nyumbani.

## Hatua ya 3: Ifanye field iwe usaili wako wa kwanza

Mafunzo ya Law School yana kipindi cha vitendo mahakamani na katika ofisi za sheria. Wanafunzi wengi hukihesabu kama muda wa kusaini mahudhurio. Kwa maoni yangu ndicho kipindi chenye thamani kuliko vyote katika safari ya kutafuta kazi, kwa sababu ndipo watu wanaoajiri wanakuona ukifanya kazi bila ya wewe kuwaomba chochote.

Fanya hivi. Jioni, soma orodha ya mashauri ya kesho na uulize jalada moja. Asubuhi, kabla ya shauri kuitwa, mpe msimamizi wako muhtasari wa nusu ukurasa: nani anadai nini, shauri limefika hatua gani, leo limeitwa kwa ajili gani, na kuna amri gani ambayo haijatekelezwa. Usimwombe ruhusa ya kuuandika. Uandike, umpe.

Wiki ya pili, omba uandike rasimu moja: hati ya kiapo, majibu ya madai, barua ya notisi. Itarudi imejaa wino mwekundu. Iandike upya siku hiyohiyo na uirudishe. Wanafunzi wengi huishia kwenye wino ule, na msimamizi analijua hilo, ndiyo maana humkumbuka anayerudisha rasimu ya pili.

Fahamiana na makarani. Karani wa masjala anajua chemba gani imezidiwa na kesi na wakili gani amebaki bila msaidizi. Msalimie, muulize kwa heshima, usimsumbue saa za kusajili mashauri.

Kama uko Dar es Salaam, tafuta siku za kukaa Temeke kwenye Kituo Jumuishi cha Mahakama kinachoshughulikia mirathi na ndoa. Utaona kwa wiki moja aina za maombi ambazo chemba ndogo huzitegemea mwaka mzima.

Onyo: usipige picha jalada, usiondoke na nakala, na usitaje majina ya wateja kwenye kundi la WhatsApp. Siri ya mteja ni siri hata kwa mwanafunzi. Ukiivunja, habari itakutangulia kila utakapokwenda.

Umefanikiwa endapo kabla hujaondoka mtu mmoja anakupa jalada bila wewe kuomba, na anakubali kuwa mdhamini wako kwa namba yake ya simu.

## Hatua ya 4: Andika sampuli tatu

Kila mhitimu anaandika kwenye wasifu kwamba ana "uwezo mzuri wa uandishi wa kisheria". Mwajiri ameshaisoma sentensi hiyo mpaka haioni tena. Mwekee uandishi wenyewe.

Sampuli ya kwanza: maoni ya kisheria ya kurasa mbili. Chukua swali moja lenye utata wa kweli. Mfano: mtu anataka kuishtaki halmashauri ya wilaya kwa kuvunja mkataba, afanye nini kwanza? Jibu linapita kwenye Sheria ya Mashauri ya Serikali, notisi ya siku 90, na mabadiliko ya mwaka 2020 yaliyozijumuisha serikali za mitaa na kudai Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kwenye shauri. Mhitimu anayelijua hili ameshajitenga na wengi.

Sampuli ya pili: hati ya kiapo. Hapa ndipo watu huanguka. Kiapo ni ushahidi, hivyo kinabeba mambo ya kweli anayoyajua mwapaji. Hoja za sheria na maombi havina nafasi humo. Kanuni hii ni ya zamani, ipo kwenye shauri la Matovu la Uganda la mwaka 1966, na mahakama zetu zinaitaja hadi leo. Hakikisha uthibitisho unataja aya zipi mwapaji anazijua mwenyewe na zipi ameambiwa na nani, na kwamba mahali pa kamishna wa viapo pana nafasi ya tarehe na mahali alipoapishwa.

Sampuli ya tatu: muhtasari wa hukumu moja ya Mahakama ya Rufani, ukurasa mmoja. Hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Chagua ya mwaka huu, inayogusa eneo la mwajiri unayemlenga.

Angalau moja kati ya tatu iwe ya Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, na bado kuna uhaba wa wanasheria vijana wanaoandika Kiswahili cha mahakamani bila kukifanya kigugumizi. Hii ni nafasi iliyo wazi kabisa.

Tumia Toleo la Urekebu la Mwaka 2023 la sheria zetu, lililoanza kutumika Julai 2025, na hakikisha namba ya kila kifungu ni ile ya toleo hilo. Anayenukuu toleo la 2002 kwa mazoea anatangaza kwamba vitabu vyake ni vya kaka yake.

Onyo: sampuli isitoke kwenye jalada la mteja. Buni wahusika.

Umefanikiwa pale wakili mmoja anapozisoma na kusahihisha mambo madogo tu.

## Hatua ya 5: Wasifu na wadhamini

Kurasa mbili zinatosha. Anza na elimu ya sheria, kisha field na ulichofanya huko kwa vitenzi: niliandika, nilitafiti, nilihudhuria. "Nilisaidia kazi mbalimbali za ofisi" ifute. Halafu lugha na ujuzi wa kompyuta, kisha wadhamini.

Wadhamini wawe mchanganyiko: mwalimu aliyekufundisha, msimamizi wa field, na mtu mwingine aliyefanya kazi nawe. Mjomba mwenye cheo hafai, labda kama alikuwa msimamizi wako. Kila unapomtaja mdhamini kwenye ombi, mtumie ujumbe mfupi: "Nimeomba nafasi fulani, huenda wakakupigia." Mdhamini aliyeshtukizwa hujibu kwa kusita, na kusita kunasikika kwenye simu.

## Hatua ya 6: Ombi la Serikali kupitia Ajira Portal

Ajira Portal ndio mfumo wa maombi wa Sekretarieti ya Ajira. Jisajili mapema, kabla tangazo halijatoka. Siku ya mwisho mfumo huelemewa.

Jaza kila kiwango cha elimu peke yake. Stashahada ya uzamili ya sheria kwa vitendo kutoka Law School iingize kama sifa inayojitegemea, usiifiche ndani ya shahada. Mchujo huangalia sifa zilizojazwa; usichokijaza hakipo.

Soma masharti ya tangazo neno kwa neno. Kwa kawaida utakuta: uwe raia, umri usizidi miaka 45, ambatisha vyeti vilivyothibitishwa pamoja na cheti cha kuzaliwa, na barua iwe imesainiwa. Matangazo hukataa hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita. Yanataka vyeti vyenyewe. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa vyeti vyake viwe vimehakikiwa na TCU, NECTA au NACTVET, na kazi hiyo huchukua muda.

Barua iandike kwa Katibu wa Sekretarieti kwa anuani iliyo kwenye tangazo hilohilo. Aya nne zinatosha: nafasi na kumbukumbu ya tangazo, sifa zako dhidi ya sifa zilizotakiwa, ulichofanya kinachofanana na majukumu, na hitimisho. Saini kwa mkono, kisha skani. Barua isiyo na saini ni kosa la kijinga linaloangusha watu wenye daraja la kwanza.

Onyo: hakuna anayeuza nafasi. Anayekuomba "hela ya kuvusha jina" ni tapeli, na wewe mwanasheria ukishamlipa umeingia kwenye kosa la rushwa.

Umefanikiwa ukiona ombi lako kwenye orodha ya maombi uliyotuma ndani ya mfumo. Piga picha ya skrini, weka kwenye jedwali.

## Hatua ya 7: Kugonga hodi kwenye chemba

Tengeneza orodha ya chemba kumi na tano unazoweza kuzifikia kwa daladala moja au mbili. Soma hukumu TanzLII na uone majina gani ya mawakili yanarudi kwenye eneo lako. Hapo umejua nani anafanya nini bila kuuliza mtu.

Kisha andika, kila moja peke yake. Mfano:

"Ndugu Wakili, salaam. Nimehitimu Law School of Tanzania mwaka huu na ninaishi Kinondoni. Nimesoma hukumu ya shauri la kazi uliloendesha mwezi uliopita, na nimeambatisha muhtasari wake wa ukurasa mmoja pamoja na maoni ya kisheria niliyoandika kuhusu kuachishwa kazi. Naomba nafasi ya mwanasheria msaidizi, au kama haipo, nafasi ya kukusaidia utafiti kwa miezi mitatu. Naweza kufika ofisini siku utakayopanga."

Baada ya siku saba, piga simu. Kama ni mtu mzima kwako, shikamoo kwanza, jina, halafu jambo lako kwa nusu dakika. Ukiambiwa "tutakupigia", shukuru na ukate.

Malipo ya mwanzo kwenye chemba nyingi ni madogo, mengine ni nauli tu. Wapo wanaoshauri ukubali chochote, mimi sikubaliani. Nauli bila mafunzo ni kazi ya tarishi. Uliza mapema: nitaandika nini, nani atanisahihisha, na baada ya miezi mitatu tutazungumza nini? Wakili asiyekuwa na jibu hata moja, mwache.

## Hatua ya 8: Usaili

Serikalini huanza usaili wa mchujo, kisha mahojiano. Nenda na vyeti halisi na kitambulisho; nakala hazitakuingiza. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo weka akiba tangu siku unayoomba.

Jiandae na mambo matatu. La kwanza, taasisi yenyewe: sheria iliyoianzisha na majukumu yake. La pili, mgawanyo wa ofisi za sheria za Serikali. Watu huzichanganya kila siku: Mwanasheria Mkuu hushauri na kusimamia uandishi wa sheria, Wakili Mkuu wa Serikali huendesha mashauri ya madai na usuluhishi, Mkurugenzi wa Mashtaka hushughulika na jinai. La tatu, rasimu ya kuandika papo hapo, hasa notisi, mkataba mfupi au maoni.

Swali usilolijua, sema hivyo na ueleze utalitafuta wapi: sheria ipi, kanuni ipi. Kubahatisha kifungu mbele ya wanasheria watatu hakujawahi kumsaidia mtu.

## Hatua ya 9: Unaposubiri

Kama bado hujaapishwa kuwa wakili, usitie saini kama wakili na usipokee ada ya uwakili. Sheria ya Mawakili inalifanya hilo kosa la jinai, na litakufuata utakapoomba kukubaliwa kuwa wakili.

Unachoweza kufanya kipo. Mashirika ya msaada wa kisheria, yanayofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, yanahitaji mikono.

Kama Law School imekurudisha kwenye mitihani ya marudio, usijifiche. Mwaka 2022 taarifa za wanafunzi 26 tu kufaulu moja kwa moja kati ya 633 zilizua mjadala wa nchi nzima, na waajiri wanalijua hilo. Andika "namalizia masomo", taja mwezi wa mtihani, endelea kuomba nafasi zisizodai cheti.

## Hatua ya 10: Soma mkataba wako kama wa mteja

Inashangaza jinsi wanasheria wanavyosaini mikataba yao bila kuisoma.

Angalia kwanza: ni mkataba wa ajira au wa kutoa huduma? Ukiwa wa huduma, utakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 na hutachangiwa hifadhi ya jamii. Ukiwa wa ajira, dai maelezo ya maandishi: cheo, mshahara, saa, likizo. Kumbuka pia kwamba ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumhusu mwenye chini ya miezi sita kazini, hivyo muda wa majaribio uwe umeandikwa.

Hesabu mshahara baada ya makato. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, juu ya kodi na mchango wa hifadhi ya jamii.

Na ukishaapishwa, uliza nani atalipia cheti chako cha uwakili. Huisha kila tarehe 31 Desemba, kukihuisha kunadai ada na pointi za mafunzo endelevu, na Januari ndiyo mwezi ambao ada za shule na kodi ya nyumba navyo vinakuja.